Picha Juu ya Gunia la Unga



Katika mtaa mmoja wa Lubumbashi tunamopita kila juma kwa kazi ya mafundisho, yumo mzee mmoja aliyekuwa zamani mfanyakazi wa reli. Sebuleni mwake, juu ya kabati la vyombo, imetundikwa picha ambayo wengi wenu mtaitambua hata kabla hatujamaliza kuieleza: ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti, mfungwa mwenye nguo za mistari amelazwa chini, askari mwenye kofia nyekundu ameinua kiboko, na Mzungu aliyevaa nguo nyeupe anatazama, kiko mdomoni. Pembeni wanawake wanangoja na chakula walichowaletea waume zao. Mafundi wa mji waliiita picha hiyo «Colonie Belge», nao waliichora mara nyingi sana, kila fundi kwa mkono wake.

Siku moja mzee alituomba tumsaidie kuishusha. «Mwalimu,» akasema, «shika upande huu, msumari umelegea.» Tulipoigeuza tukaona nyuma yake herufi za bluu zilizofifia: jina la kinu na uzito wa unga. Tukaona tena mishono iliyofumuliwa. Picha ile ilikuwa gunia. Chini ya herufi za kinu palikuwa na jina la mtu, limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Jina hilo tutalirudia mwishoni.

Tulikuwa tumeitazama miaka minne bila kujua imechorwa juu ya nini. Basi tukaanza kuuliza na kusoma: watu wetu walichora kwa vitu gani, na vitu hivyo vilikwenda wapi?

Turudi kwanza kwenye ukuta. Kabla karatasi haijafika vijijini, nyumba ya udongo ndiyo iliyokuwa mahali pa kuchorea. Mwenye nyumba alipiga lipu ya udongo, akaacha ikauke, kisha akachukua vilivyokuwa karibu naye: udongo mweupe wa mtoni, masizi ya chungu, makaa, udongo mwekundu uliosagwa. Kwa kidole au kijiti akatia chui, mwindaji, mstari wa pembe-pembe kama ule wa mkeka, na baadaye baiskeli na gari la moshi. Hakununua hata kitu kimoja. Tena alijua kwamba mvua za mwaka zitaila kazi yake, naye atapaka upya. Watoto walicheka wakimtambua jirani yao ukutani kwa kitambi chake. Ilikuwa kazi, ilikuwa na mchezo pia.

Mwaka 1926, mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, jina lake Georges Thiry, aliziona nyumba kama hizo huko Bukama, penye mto Lualaba. Bukama ilikuwa imefikiwa na reli ya kutoka Elisabethville mwaka 1918, na watu wengi wakipita hapo kuingia katika meli. Thiry akamtafuta mchoraji. Akakuta ni Albert Lubaki, mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Akampa karatasi na rangi za maji, akamwomba aweke huko yale aliyokuwa akiyaweka ukutani. Mkewe Antoinette naye alichora, na hilo lisisahauliwe, kwa maana mara nyingi wanaposimulia habari hii humtaja mume peke yake. Halafu, katika Kasai, mahali paitwapo Ibanshe, Thiry alimpata mwingine, mshona nguo, ambaye jina lake limeandikwa kwa namna nyingi: Djilatendo, au Tshyela Ntendu. Huyu alipenda mistari na miraba inayofuatana kama katika nguo za Wakuba, akichanganya humo askari, wanyama na magari.

Tumezitazama picha za Lubaki katika vitabu. Jambo lililotushika ni ule weupe. Mnyama anasimama peke yake katikati ya karatasi, hakuna majani, hakuna mbingu. Fundi aliyezoea ukuta hakuona haja ya kujaza kila mahali. Alilichukua karatasi kama ukuta uliopakwa chokaa.

Thiry alizipeleka picha Ubelgiji, kwa Gaston-Denys Périer wa wizara ya makoloni, naye akazitafutia watazamaji. Mwaka 1929 zilionyeshwa Bruxelles katika jumba la Palais des Beaux-Arts, na baadaye zikatembea mpaka Geneva na Paris. Watu wakastaajabu. Lakini katikati ya miaka ya 1930 upelekaji wa picha ulikoma, na habari za Lubaki, za mkewe na za Djilatendo zikakatika. Ukuta wa Bukama ulikwisha kuliwa na mvua. Karatasi iliokoka, ila iko Ulaya. Mwaka 2015 picha za watu hao zilitundikwa tena Paris, katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier yaliyoitwa «Beauté Congo». Ilikuwa imepita miaka karibu tisini tangu Bukama. Makaburi ya wenyewe hayakuonyeshwa na mtu.

Tupite upesi miaka inayofuata, si kwa kuidharau, bali kwa sababu inahusu zaidi rangi za dukani. Mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini, nayo ikahamia Léopoldville mwaka 1949. Hapa Elisabethville, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa majini, alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la «Hangar». Humo walitoka Pilipili Mulongoy, aliyechora samaki, ndege na nyoka, na Mwenze Kibwanga, ambaye kazi yake yote imefumwa kwa mistari mifupi kama ukili. Tunayempenda zaidi ni Bela, mtu wa asili ya Chad, aliyekuja na Romain-Desfossés kama mtumishi wa nyumbani. Bela aliacha burashi, akachovya vidole katika rangi na kugonga alama ndogo-ndogo, moja kando ya nyingine, mpaka mti ukasimama na ndege wakatua. Ni mchezo wa mtoto uliogeuka ufundi. Bwana yule aliwakataza wanafunzi wake kuiga Ulaya. Neno hilo lina pande mbili: liliwaachia mikono yao wenyewe, lakini aliyeamua kilicho cha Kiafrika na kisicho cha Kiafrika alikuwa ni yeye. Alifariki mwaka 1954. Picha za Hangar zilinunuliwa sana na Wazungu. Sebuleni mwa wafanyakazi wa mgodi hazikuingia.

Zilizoingia huko zilikuwa picha za magunia.

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na baada ya miaka ile ya kujitenga kwa Katanga iliyokwisha Januari 1963, miji yetu ilijaa vijana waliojua kuandika mbao za maduka na kuta za baa. Wengine wao wakaanza kuchora picha za kuuzia majirani. Kitambaa cha kuchorea kilichotoka Ulaya kilikuwa ghali kupita kiasi. Gunia la unga, katika siku zile, lilikuwa la pamba, nalo lilipatikana kwa waoka mikate na sokoni. Fundi alilifumua mshono, akalifua, akalikaza kwa misumari midogo juu ya mbao nne, kisha akalipaka rangi nyeupe ili nyuzi zifunge na rangi zisinywewe. Baada ya hapo alichora kwa rangi aliyoweza kupata, mara nyingi ileile ya kupakia milango na madirisha. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ile zina bluu na kijani vinavyofanana: zilitoka katika kopo moja na mlango wa jirani.

Watu walinunua nini? Wengine walitaka Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki anayesemwa kuleta mali kwa masharti mabaya. Wengine kijiji cha zamani kando ya maji, wengine simba, wengine «Colonie Belge», wengine Lumumba. Mafundi na wenye nyumba walikuwa na neno moja kwa kazi ya picha hizi: ukumbusho. Hatufikiri kwamba neno hilo lilichaguliwa bure. Mfanyakazi aliyekwisha kulipia unga, kodi na karo hakutoa fedha zake kwa urembo tu. Alitaka mgeni akikaa kitini aulize, «Hii ni nini?» naye apate kusimulia. Aliyepigwa kiboko zamani hakuwaambia watoto wake moja kwa moja. Alitundika picha, akangoja waulize.

Katika mafundi hao mmoja alikwenda mbali kuliko wote. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Aliuza picha zake mwenyewe, akienda nazo nyumba kwa nyumba. Mwaka 1973 alifika kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, akamweleza wazo lake la kuchora historia yote ya nchi, tangu mababu. Kwa miezi iliyofuata akaleta picha kama 100, moja baada ya nyingine, na kila mara wakakaa chini, Tshibumba akieleza kwa Kiswahili cha Katanga, sauti yake ikitiwa katika mashine. Mwenyewe hakukubali kuitwa mchoraji tu. Alisema yeye ni mwanahistoria. Fabian alichapisha picha hizo na mazungumzo yao katika kitabu mwaka 1996.

Tuna neno juu ya picha moja. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji wetu. Tshibumba aliwachora wamelala chini, damu ikitoka ubavuni mwa Lumumba, na nyuma yao, juu ya kilima, akasimamisha misalaba mitatu. Mkristo yeyote anajua ametoa wapi mambo hayo. Alipoulizwa, hakuficha kwamba alimlinganisha Lumumba na Bwana Yesu. Sisi tuliopewa kazi ya kufundisha katekisimu tungekuwa na la kumjibu. Walakini tunamfahamu. Alikuwa na gunia na kopo chache za rangi, na kifo ambacho kwa miaka mingi watu walikisimulia kwa kunong'ona. Akachukua sanamu ile aliyoizoea tangu utoto katika njia ya msalaba, akasema nayo. Mapadri wetu wa zamani, walipotundika vituo kumi na vinne katika makanisa ya miti na udongo, nadhani hawakuwaza kwamba wanafundisha namna ya kuandika historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba akatoweka. Picha zile 100 hazimo Lubumbashi. Zimo Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023. Nyingine nyingi za mafundi wa wakati wake ziko Tervuren, karibu na Bruxelles. Ni njia ileile ya Lubaki: kazi huko, mtu haonekani huku. Hatusemi ziliibwa. Zilinunuliwa, na zingebaki hapa pengine panya na unyevu vingekwisha kuzila. Lakini mtoto wa Kenya au Katuba akitaka kuiona historia ya nchi yake kama fundi wa mtaa wake alivyoichora, itampasa kupata viza.

Kuna watu watakaouliza: je, gunia, masizi na kopo la rangi ya mlango vinaweza kufanya kazi ya sanaa kweli, au ni umaskini tu? Tuwajibu kwa mfano wa Ulaya yenyewe. Mwaka 1912 Pablo Picasso, ambaye hakukosa kitambaa kizuri cha kuchorea, alibandika juu ya picha yake kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa kiti cha ukindu, akaizungushia kamba badala ya fremu. Wenzake wakafuata, wakabandika magazeti na karatasi za ukutani. Walisifiwa kwa kuvumbua jambo jipya. Na jirani zetu wa Tanzania wanamjua Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, ambaye mwaka 1968, huko Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama juu ya mbao nyembamba za dari kwa rangi ya baiskeli. Alikufa mwaka 1972, bali jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe.

Kinshasa wamecheza zaidi. Chéri Samba alikuja mjini akiwa kijana, akawa mwandishi wa mbao za matangazo, akafungua karakana yake mwaka 1975. Naye alianza juu ya gunia. Baadaye, alipoweza kununua kitambaa, hakuacha tabia ya kuchanganya: anaandika maneno marefu ndani ya picha ili mpita njia asimame asome, na juu ya rangi ananyunyiza zile chembe zinazometameta za nguo za wanamuziki.

Bodys Isek Kingelez hakuwa mchoraji kwa maana ya burashi, ila hatuwezi kumwacha nje. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akaenda Kinshasa mwaka 1970. Kwa kartoni, karatasi za rangi, makopo ya vinywaji na vifuniko vya chupa alijenga majumba na hatimaye miji mizima, midogo kiasi cha kukaa juu ya meza, yenye rangi kama peremende. Alipopeleka kazi yake ya kwanza kwa watu wa makumbusho ya taifa, hawakusadiki kwamba ni yake. Ikambidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Wakampa kazi ya kutengeneza vinyago vilivyoharibika. Mwaka 1994 alikijenga kijiji chake mwenyewe kwa kartoni, akakitia maghorofa, kiwanja cha mpira na stesheni ya treni, mambo ambayo kijiji hakikuwa nayo. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Ukitazama vizuri, utaona bado maandishi ya paketi za dukani kwenye paa za majumba yake, sawasawa na herufi za kinu nyuma ya picha ya mzee wetu.

Tulitaka kuonja kazi hii kwa mikono yetu. Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, tuliwakusanya watoto wa parokia chini ya mwembe, tukakataa kununua chochote. Wao walileta makaa, vumbi la tofali lililopepetwa, majivu, majani ya kusugua kijani, vifuniko vya bia, vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, kartoni za sabuni. Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo: uji mzito, unachujwa, unapakwa ungali vuguvugu. Tulijifunza kwamba vumbi la tofali bila gundi hudondoka siku ileile, na kwamba makaa yapakwe mwisho, la sivyo huchafua yote. Msichana mmoja alimchora nyanya yake anayeuza samaki, magamba yote yakiwa vifuniko vilivyopondwa kwa jiwe. Tulicheka hata jioni.

Tukazipanga picha katika chumba cha mafundisho. Baada ya majuma mawili panya walikuwa wamekula muhogo wote, wakaacha vifuniko sakafuni. Yule msichana hakulia. Akatuuliza kama gundi ya fundi viatu inaliwa na panya. Ndipo tulipofahamu Lubaki alipata nini alipopewa karatasi, na alipoteza nini ilipoondoka.

Sasa turudi kwa mzee. Tulidhani picha ni mali yake. «Si yangu, Mwalimu,» akasema. «Niliwekewa.» Mnakumbuka miaka 1992 na 1993, ghasia zilipowafukuza Katanga watu wengi sana wenye asili ya Kasai. Familia zilikaa stesheni majuma na majuma zikingoja treni, na wengine walifia hapo. Jirani yake, waliyefanya kazi pamoja miaka mingi, alipewa nafasi ya kubeba vyungu, godoro na watoto. Usiku kabla ya kwenda stesheni aliileta picha chini ya kanga ya mkewe, akaandika jina lake nyuma kwa kalamu ya risasi, akasema ataifuata mambo yakitulia. Hakuja, wala barua haikufika.

Mbao moja ya fremu ilikuwa imeliwa na mchwa, na pembe moja ya gunia imetoboka. Tulikwenda sokoni kutafuta kiraka, lakini magunia ya siku hizi yamesukwa kwa plastiki, rangi haishiki wala sindano haipendi. Mwishoni mke wa mzee alitoa kipande cha shuka kuukuu la pamba. Tukataka kuushonea upande wote wa nyuma ili upate nguvu. Mzee akatuzuia mkono. «Mtafunika jina lake,» akasema, «na akija mwanawe ataijuaje?»

Basi tukashona pembe peke yake. Tukabadili ule mti, tukapigilia misumari minne mipya, tukairudisha picha juu ya kabati.